Usinunue Skrini Bado

Hamjambo, jamani. Nyinyi wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Na mwenye simu yenye tochi aiweke karibu.

Hii niliyoshika ni skrini ya inchi 15.6. Niliitoa kwenye laptopu ya mama mmoja aliyekuja dukani kwangu Luthuli Avenue, Nairobi, siku ya Ijumaa, binti yake ana kazi ya chuo ya kuwasilisha Jumatatu. "Fundi, skrini imekufa." Nami, bila kupima chochote, nikamwuzia mpya. Nikaifunga, ikawaka vizuri, akalipa, akaenda. Siku ya tatu karudi, giza lilelile! Kumbe shida ilikuwa kebo inayopeleka picha kwenye skrini, pale inapopita kwenye bawaba, imechunika. Nilipokuwa nikibadilisha skrini niliisogeza kidogo, ikashika, nikadhani nimetibu. Nilimrudishia pesa yake, na hii nikaitundika ukutani mwa duka. Ni nzima kabisa.

Basi tuanze na tochi. Laptopu imewaka, unasikia feni, lakini giza tupu. Zima taa za chumba, mulika skrini kwa karibu na kwa mshazari. Ukiona Windows kwa mbali kama kivuli, picha ipo, kilichokosekana ni mwanga wa nyuma, ule unaoimulika picha kutoka ndani ya skrini. Usipoona kitu, bado usihukumu. Chukua waya wa HDMI, unganisha na TV ya sebuleni, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, maana mashine nyingine hazipeleki picha nje mpaka ziambiwe. TV ikionyesha picha safi, chunguza kebo na skrini. TV nayo ikijaa mistari, ugonjwa uko nyuma zaidi: draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuchora picha, au madabodi yenyewe, ule ubao mkuu wa mashine. Ingia BIOS, ile programu ya msingi ya mashine isiyotumia draiva za Windows, kabla Windows haijaamka. Mistari ikikufuata hadi humo, usipoteze bando kupakua draiva.

Na kama TV pia ni nyeusi? Toa ramu, kile kibao kidogo cha kumbukumbu, ifute, irudishe. Msicheke. Nimeona skrini zikibadilishwa kwa sababu ya ramu iliyolegea.

Kebo ina tabia yake. Fungua kifuniko polepole, kirudishe, kifungue tena. Picha ikicheza kwa kufuata mkono wako, umempata mwizi. Sisi tunaobeba laptopu kwenye matatu, begi limebanwa mapajani, bawaba zetu zinateseka.

Sasa tazameni hapa. Laptopu hii ni nzima. Nachukua kasumaku haka, nakapitisha ukingoni, karibu na kibodi… mmeona? Imezima. Nikikaondoa, inarudi. Ndani kuna kihisi kinachongoja sumaku ya kifuniko. Kikiigundua, kinadhani umefunga mashine. Kuna kijana aliniletea yake ikizimika kila akianza kuchapa. Nikamwomba avue bangili. Sikumtoza hata shilingi.

Ukishathibitisha kuwa ni skrini kweli, ndipo ushike bisibisi. Kabla ya kugusa kebo, chomoa chaja, kisha chomoa betri kwenye madabodi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Umeme wa mwanga wa nyuma unaweza kuwa bado upo, na pini zikigusana unaunguza fyuzi ndogo kuliko punje ya mchele. Hapo kazi ya nusu saa inageuka kazi ya wiki.

Dukani usiseme tu "nataka 15.6." Geuza skrini yako, soma namba ya modeli mgongoni, hesabu pini pale kebo inapochomekwa. Kuna za 30 na kuna za 40, na hazibadilishani.

Naam, dada wa shati la kijani? Yako ukiifungua nusu inawaka, ukiifungua yote inazima? Ilete hapa mbele. Jirani, zima taa hizo za ukumbi. Na wewe, shika bisibisi, tuanze na betri.