Nusu Saa ya Kila Mmoja: Mhadhara kwa Klabu ya Mbio Kabla ya Saa 24 za Kupokezana

Mwenyekiti, katibu, mama zangu na baba zangu wa klabu, shikamooni. Vijana wetu na wageni kutoka klabu jirani, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mbio za hisani za kupokezana za saa 24 ambazo klabu hii imeamua kuingia. Tangu uamuzi huo utangazwe, swali linalozunguka ni moja: watu kumi wa timu ni nani? Na kila ninayemsikia akijibu anataja majina yale yale ya wanaomaliza nusu marathoni chini ya saa mbili. Wengine mmeshajiweka pembeni, mnasema mtakuja kushangilia na kupika uji. Jioni hii nimekuja kuwapinga, na nitawapinga kwa hesabu.

Lakini kwanza tujue mbio za namna hii zilianzaje. Mei 1985, katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington nchini Marekani, daktari wa upasuaji aitwaye Gordy Klatt aliingia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Puget Sound akaanza kuzunguka. Alizunguka kwa saa 24, mbio na kutembea, akamaliza maili 83, ambazo ni takribani kilomita 133. Alikuwa akitibu wagonjwa wa saratani, na alitaka kuchangia tawi la mji wake la Shirika la Saratani la Marekani. Jambo ninalotaka mlishike ni utaratibu alioubuni: rafiki, jirani au mgonjwa wake yeyote aliweza kulipa dola 25 akaingia uwanjani kukimbia au kutembea naye kwa nusu saa. Karibu watu 300 walikuja kumwona akizunguka, na zikapatikana dola 27,000. Mwaka uliofuata hakuwa peke yake tena. Timu 19 zilipokezana uwanjani na kukusanya dola 33,000. Ndipo zilipozaliwa mbio zinazojulikana leo kama Relay For Life. Dk. Klatt alifariki mwaka 2014.

Angalieni basi kilichouzwa pale Tacoma. Hakikuwa kasi ya mtu yeyote. Ilikuwa nusu saa, muda ambao hata mtu anayetembea kwa fimbo anaweza kuutoa.

Sasa tuje kwenye hesabu zetu. Saa 24 zina nusu saa 48. Kwa watu kumi, kila mmoja anapata zamu nne au tano, na kati ya zamu na zamu ana saa nne na nusu za kupumzika. Timu ikienda kwa wastani wa dakika saba kwa kilomita, ambao ni mwendo wetu wa kawaida wa Jumamosi, kwa saa 24 itafika kilomita 205. Huo ni umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na mkifika mnaendelea. Aliyekimbia zamu tano atakuwa amekimbia nusu marathoni nzima, kipande kwa kipande, na pengine ni mtu ambaye hajawahi kuthubutu kujiandikisha nusu marathoni.

Haya, tumtoe mama anayekimbia dakika nane kwa kilomita, tumweke kijana wa dakika tano na nusu. Kwa nusu saa mama anapata kilomita 3.75, kijana anapata karibu 5.5. Tofauti ni kilomita 1.7. Zidisha kwa zamu tano: kilomita nane na nusu. Katika kilomita zaidi ya 200, hicho ndicho tunachopoteza kwa kumweka mama. Uwanjani, ambako mzunguko ni mita 400, ni mizunguko 21.

Huyu mama anakuja na nini? Anakuja na kikoba chake, na kwaya yake, na majirani wa mtaa mzima ambao hawajawahi kumchangia mkimbiaji yeyote. Tuseme wanawake 20 wa kikoba wanaahidi shilingi 100 kwa kila mzunguko wa timu. Timu ikitimiza mizunguko 500, kila mmoja atadaiwa shilingi 50,000, na wote kwa pamoja shilingi milioni moja. Kijana wetu mwepesi, Mungu ambariki, marafiki zake wote ni wakimbiaji na wote wanachangisha wiki ile ile. Ndiyo maana nasema timu iliyochaguliwa kwa saa ya mkononi itakimbia sana na kuchangisha kidogo.

Msinielewe kwamba kukimbia vizuri hakuna maana. Wajapani wana mbio ziitwazo ekiden. Ile ya Hakone, inayofanyika kila tarehe 2 na 3 Januari, ilianza mwaka 1920. Timu za vyuo vikuu, kila moja na wakimbiaji kumi, hutoka Tokyo hadi milimani Hakone, na kesho yake hurudi. Zinapita kilomita 200 kwa jumla. Hawapokezani kijiti. Wanapokezana mshipi wa kitambaa uvaliwao begani. Timu ikiachwa nyuma kupita muda uliowekwa, mkimbiaji anayesubiri kituoni huamriwa kuondoka na mshipi mwingine, wakati mwenzake bado yuko barabarani na ule wa timu. Watu wazima hulia pale. Ndugu zetu wa Kenya wanazijua mbio hizi kwa ndani: Joseph Otwori alikimbia Hakone mwaka 1989 akiwa na Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, na Samuel Wanjiru, aliyechukua dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008, alipelekwa Japani akiwa mwanafunzi wa sekondari.

Kutoka kwao tuchukue heshima ya kupokezana. Saa nane usiku uwanjani, mkimbiaji anayemaliza zamu asikute nafasi tupu. Anayepokea awe amesimama mstarini dakika tano kabla, amefunga raba, amewasha taa ya kichwani. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kuteuliwa katika timu hii ni msimamizi wa zamu, ambaye yeye mwenyewe hatakimbia. Atakaa na daftari, saa na filimbi. Bila yeye, kufikia saa sita usiku timu yoyote imeshavurugika, haidhuru wana mapafu ya namna gani.

Na usiku ndio wenye kazi. Joto la mwili hushuka kufikia chini kabisa alfajiri, na usingizi huwa mzito kuliko wakati wote kati ya saa nane na saa kumi na mbili. Mkiendelea na zamu za mchana hadi asubuhi, hakuna atakayelala zaidi ya kusinzia. Napendekeza kuanzia saa nne usiku tugawanyike makundi mawili ya watu watano. Kundi la kwanza libebe uwanja hadi saa nane, kundi la pili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ndani ya kundi mtu atakimbia mara moja au mbili, halafu kundi likishuka, linalala kweli. Anayelala aamshwe nusu saa kabla ya zamu, kwa sababu akili na miguu huchelewa kuamka hata macho yakiwa wazi. Atembee, azungushe nyonga, anywe chai ya tangawizi, ndipo aende mstarini.

Chakula nitakipitia haraka, maana wengi mnajua. Kila baada ya zamu, ndani ya nusu saa, kula kitu cha wanga kidogo: ndizi, kiazi kitamu, uji. Supu ya mbuzi isubiri mwisho wa mbio. Mchana wa Dar mtatoka jasho jingi, kwa hiyo pakiti za ORS ziwepo, lakini kunyweni kwa kiu. Kujilazimisha maji matupu lita kwa lita kunapunguza chumvi kwenye damu, na hali hiyo inaweza kuua. Badilisheni soksi kila zamu. Mafuta ya mgando mapajani na makwapani, mapema, kabla ngozi haijachubuka.

Sasa nifike kwenye sababu ya haya yote. Fedha zitakazopatikana zitakwenda kwenye matibabu ya fistula ya uzazi. Naomba tuzungumze wazi, wanaume mkiwepo. Mwanamke akishikwa na uchungu wa muda mrefu na mtoto asiweze kupita, kichwa cha mtoto kinabana nyama za ndani kwenye mifupa ya nyonga. Damu haifiki, nyama inakufa, tundu linabaki kati ya kibofu na njia ya uzazi. Kuanzia hapo mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye anakuwa amekufa. Upasuaji upo, na wengi wanapona. Kikwazo ni kwamba mgonjwa yuko mbali na hana nauli, na wengi hawajui hata kama ugonjwa wao unatibika.

Hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam, ambayo hutibu fistula bila malipo, ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa. Balozi wa mpango huo, yaani mtu wake wa kutafuta wagonjwa aliyeko wilayani, anamtambua mgonjwa, anapokea nauli kwenye simu, anamkatia tiketi na kumpandisha basi, na mgonjwa akifika hospitali, balozi naye anatumiwa asante yake. Ninauheshimu sana mpango huu. Mtu mmoja aliyeko kijijini, mmoja aliyeko ofisini na mmoja wa kumpokea stendi, kila mmoja akitimiza kipande chake, mwanamke anafika chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo mweka hazina wetu naye ana zamu, na yake haiishi saa 24 zikiisha. Ahadi zote ziandikwe kwa jina na kiasi kabla ya mbio. Fedha ziingie kwenye namba moja ya malipo ya klabu, zisipite kwenye simu ya mtu yeyote, mimi nikiwemo. Ndani ya wiki mbili kila aliyeahidi apelekewe idadi ya mizunguko tuliyokimbia, adai risiti yake, na risiti ya hospitali ibandikwe hapa ukutani ilivyo. Mama wa kikoba aliyetoa 50,000 ana haki ya kuiona karatasi hiyo kama mfadhili wa kampuni alivyo na haki.

Katibu ameshachora karatasi ya zamu. Ina mistari 48. Nimeiangalia kabla ya kusimama hapa: zamu za jioni zimejaa majina, na kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili hakuna hata moja. Kalamu iko pale mezani kwa katibu.