Hewa Unayoivuta Inageuka Maji

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mpate kuchopoka mapema.

Naanza na suali. Tangu mlipoingia ukumbini humu mnavuta pumzi. Hewa hiyo inakwenda kufanya nini mwilini? Nimelisomesha somo hili miaka mingi hapa Pemba, na wanafunzi wakinijibu: "Inaunguza chakula, mwalimu, halafu inatoka kuwa kaboni dayoksaidi." Nami nikiwapa alama kamili. Leo nimekuja kuzidai zile alama.

Tuchukue muhogo wa nazi mliokula asubuhi. Wanga wake unavunjwa tumboni hadi kuwa glukosi, na damu inaifikisha kwenye seli. Lakini seli hailipi kazi zake kwa glukosi. Huwezi kupanda gari ya Wete ukampa kondakta pishi ya karafuu. Anataka nauli mkononi. Nauli ya seli inaitwa ATP.

Hatua ya kwanza, glukosi inapasuliwa vipande viwili. Hapo hewa haihitajiki hata chembe, na faida yake ni ATP 2 tu. Mpishi wa mkate wa kumimina anaijua hatua hii kwa macho. Hamira iliyozama ndani ya rojo la mchele na tui haipati hewa ya kutosha, basi inajikimu kwa hizo mbili, huku ikitema gesi na spiriti. Vile vitundu mnavyovisifu kwenye mkate ni pumzi za hamira. Ndiyo, bi mkubwa, nimesema spiriti. Usishtuke, moto unaifukuza sehemu kubwa.

Seli zetu zikipata hewa haziishii hapo. Vile vipande vinaingia ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli, vinapitishwa kwenye mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937, na kaboni yote inavuliwa. Kaboni dayoksaidi inatoka hapa, na oksijeni iliyomo ndani yake imetokana na chakula na maji. Ile mliyoivuta puani bado haijaguswa.

Kinachobaki ni elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi zilizotoka kwenye chakula. Hizo zinapokezanwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, mkono kwa mkono, kama ndoo siku ya kumwaga zege. Kila zinapopokewa zinaacha nguvu kidogo, na nguvu hiyo inasukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, upande wa pili wa utando. Ni kama pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ya nyumba. Tangi likijaa, maji yanataka kushuka. Protoni nazo zinataka kurudi, na njia yao kubwa ni kupitia kijimashine chenye gurudumu. Zinapopita, gurudumu linazunguka, na kila mzunguko mmoja unatoa ATP 3.

Hii si tamathali ya semi, linazunguka kweli. Peter Mitchell wa Uingereza alipoandika habari za tangi hili mwaka 1961, wenzake wengi hawakumkubali. Mwaka 1978 akapewa Nobeli. Mwaka 1997 wataalamu wa Japani walilibandika gurudumu kijiuzi, wakakiona kwa hadubini kinavyozunguka.

Sasa oksijeni. Yeye ni mtu wa mwisho kwenye mstari wa ndoo. Anazipokea elektroni zilizochoka, anazikutanisha na protoni, na yanakuwa maji. Basi, kazi yake ndiyo hiyo. Lakini muondoe uone: wa mwisho asipopokea, wa kabla yake anabaki na ndoo mkononi, na mstari mzima unasimama.

Muhogo mchungu unaua kwa njia hii hii. Sianidi yake inakwenda kukaa pale pale ambapo oksijeni ingekaa. Mtu anavuta hewa, damu yake imejaa oksijeni, na seli zake zinakosa pumzi. Wazee wetu wakimenya, wakiroweka, wakianika makopa, walikuwa wanaipa sumu nafasi ya kutoka: muhogo ukilainika na seli zake kupasuka, sianidi inafunguka, nyingine inakwenda na maji ya kurowekea, nyingine inaruka kuwa gesi. Ndiyo maana yale maji humwagwa.

Naam, sema, mama… Anauliza kama bibi yake alikuwa anayajua haya. Habari za elektroni, sidhani. Kuroweka alikujua kuliko mimi.

Na kijana pale mlangoni? Kumbe hujatoroka… Anasema kama hewa inageuka maji mwilini, basi aliyefunga Ramadhani anakunywa kutwa nzima bila kujijua. Kwa kiasi, mwanangu, ni kama glasi moja hivi kwa siku. Hukumu yake kamuulize sheikh, mimi nimesomea seli.