Sahihisha sentensi hii ya Kiingereza pamoja nami

Haya, chukua kalamu uandike sentensi hii kama ilivyo, usirekebishe kitu: My mother borrowed me this umbrella, he says its raining.

Tahajia ya kila neno ni sahihi, kwa hiyo simu yako inaweza kuipita bila kuipigia mstari mwekundu. Lakini makosa yamo manne, na mengi yametoka kwenye Kiswahili chetu.

Anza na borrowed. Sisi kuazima tunakutumia pande zote mbili: nimeazima mwavuli, niazime mwavuli. Kiingereza kimetenganisha. Jiulize kitu kinaelekea wapi. Kikija kwako, borrow. Kikitoka kwako, lend. Hapa mama ndiye aliyetoa, basi kata borrowed, juu yake andika lent. Ukiacha borrowed me, msikilizaji anaweza kudhani aliyeazimwa ni wewe, si mwavuli!

Sasa he. Ile a- ya anasema haibagui mwanamke na mwanamume, ndiyo maana hata waliosoma miaka mingi huteleza hapa wakizungumza haraka. Rudi kwa mother. Andika she.

Mkato ndio mgumu, tukae nao kidogo. Kwetu unasema mama akaja, akaniazima mwavuli, akaondoka, na mikato inatosha kwa sababu -ka- imeshaviunganisha vitendo. Kiingereza hakina -ka-. Funika kwa kidole maneno yaliyo kushoto kwa mkato, usome ya kulia. Yanasimama yenyewe? Ndiyo. Funika ya kulia. Ya kushoto nayo yanasimama. Basi mkato peke yake hauwezi kuyabeba. Weka nukta, au nukta mkato, au mkato ufuatwe na and. Mimi naweka nukta, halafu S ya She iwe kubwa.

Imebaki its. Ritifaa tunaijua kwenye ng'ombe, ila pale inaonyesha sauti tu. Hapa inashika nafasi ya herufi iliyodondoka. Soma kwa kirefu: it is raining. Imekubali, weka ritifaa. Jaribu the dog wagged it is tail. Imekataa, iache its.

Soma sasa: My mother lent me this umbrella. She says it's raining.

Simamisha video, hii fanya mwenyewe: I am hearing hunger, lets eat.

Tayari? Njaa ya Kiswahili husikiwa, ya Kiingereza haisikiwi: I'm hungry. Let's eat. Kama ritifaa ya let's ilikuponyoka, isome kwa kirefu: let us.