Palikuwa Panauzwa Nini Humu?

Assalaam aleykum. Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, hamjambo.

Walionialika waliniomba nieleze namna ya kugeuza duka la zamani kuwa nyumba ya kuishi na watoto, wakasema nije na picha. Picha sikuja nazo. Nimekuja na hiki kipande cha lipu. Mzee wangu uliyekaa mbele, hebu kipokee, kilambe kidogo tu. Usiogope, ni kisafi. Haya, waambie wenzako.

Chumvi. Ehe. Hicho kimebanduka kwenye ukuta wa chumba wanacholala wanangu.

Nyumba yenyewe iko hapa hapa Bagamoyo, kata ya Dunda, hatua chache kutoka Mtaa wa India. Mbele ni duka lenye milango mipana ya mbao inayokunjwa vipande vipande, nyuma ni godauni refu lisilo na dirisha hata moja, kisha ua. Tuliinunua kwa warithi. Nikauliza maswali yote anayouliza mtu mwenye akili zake: hati iko kwa nani, mpaka unapita wapi, warithi wako wangapi na wote wameridhia, bati limeoza upande gani. Swali moja sikuliuliza, na ndilo lililonichuna pesa: palikuwa panauzwa nini humu?

Nilikuja kulijua jibu mwaka wa pili, kwa bibi mmoja wa mtaa ule ule, tena alinicheka. "Humo, mwanangu, mlikuwa mnalazwa papa na nguru wa chumvi mpaka mtaa mzima ukanuka." Samaki wa kupeleka bara, marobota kwa marobota, wameegemezwa ukutani miaka na miaka.

Sasa sikilizeni nilichokifanya kabla sijaambiwa. Fundi wangu, kijana hodari wa kujenga nyumba za tofali, aliutazama ule ukuta wa mawe unaomomonyoka, akasema dawa yake ni saruji. Tukapiga lipu ya saruji ndani na nje, tukamalizia na rangi ya mafuta. Iling'ara! Mke wangu akapiga simu kwao Muheza kuwasifia. Masika ilipoingia, rangi ikaanza kutoa malengelenge kama mtu aliyeungua. Fundi akakwangua, akaongeza saruji. Masika ya pili lipu ikadondoka mabamba mabamba, na safari hii unyevu ulikuwa umepanda hadi kifuani kwangu, wakati mwanzo uliishia magotini.

Sababu yake ni hii. Chumvi ya kawaida huanza kunywa unyevu wa hewani pale unyevu huo unapopita asilimia 75 hivi. Pwani yetu usiku hupita hapo bila shida. Kwa hiyo ukuta ulioshiba chumvi hunywa maji hata kama bati halivuji na bomba halijapasuka. Mchana jua likiwaka maji yanakauka, chumvi inaganda chembe chembe, na chembe zile zikiota nyuma ya lipu zinaisukuma itoke. Usiku inayeyuka, mchana inaota. Na saruji inafanya nini? Inaziba. Unyevu ukikosa pa kutokea mbele, unapanda juu kutafuta mlango. Mimi nilikuwa nalipa watu waupandishe.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, unene wake karibu nusu mita, yameshikwa kwa chokaa, na ndani kuna udongo na vifusi. Chokaa yenyewe ni yale yale mawe: unayachoma kwenye tanuu hadi nyuzi joto kama 900, hewa ya kaboni dioksidi inatoka, unayamwagia maji, yanachemka bila moto, ukiipiga ukutani inaanza kuirudisha ile hewa pole pole, hata inakuwa jiwe tena. Lipu ya namna hiyo ni laini na inaachia unyevu upite. Wazee hawakuwa wajinga kupaka chokaa kila mwaka kabla ya Idi. Sisi tuliwaona wanapenda weupe tu.

Basi nikaanza upya. Tulibandua saruji yote kwa tindo, taratibu, maana inang'oka na jiwe. Tukakwangua maungio ya mawe kuingia ndani kama upana wa vidole viwili. Ukuta ukaachwa uchi kaskazi nzima. Chumvi ikatoka nje yenyewe, nyeupe kama unga, na kila Jumamosi tuliipiga brashi kavu na kuizoa. Brashi kavu, nasisitiza. Ukiuosha ukuta kwa maji unairudisha chumvi ndani ilikotoka. Halafu tukapiga lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa iliyolala shimoni wiki kadhaa, sehemu tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni msiuguse, nao ni chumvi ile ile. Na lipu hiyo ya kwanza tuliipiga tukijua itakufa: kazi yake ni kuinywa chumvi, ikishashiba unaibandua na kupiga nyingine. Tumeshaibandua mara mbili. Hicho mnachopitisha mikononi ni cha mara ya pili, na naona hakuna anayekunja uso sana, kwa hiyo tunaendelea vizuri.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua jengo la biashara, anza barazani kwa wazee kabla hujamwita fundi. Wakikwambia lilikuwa duka la nguo, mshukuru Mungu, nguo hazidai kitu ukutani. Lilikuwa la mafuta ya taa au ya nazi? Chimba sakafu yote uitupe, chokaa haishiki penye mafuta, na siku ya joto utanusa biashara ya mtu aliyekufa. Lilikuwa la mbata, zile nazi zilizokaushwa? Hapo tegemea mafuta, na panya wenye uzoefu.

Kwa nini tunayo majengo haya mengi hivi? Hili nalipita haraka, wengi mnalijua kuliko mimi. Pembe za ndovu zilishuka hapa na misafara kutoka Tabora na Ujiji, biashara ikajenga maghala. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Reli ya kati nayo ikaanzia huko mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Mizigo ikatupita. Mji uliobaki na pesa ungeyavunja haya maghala na kujenga mapya. Sisi hatukuwa nazo, ndiyo maana bado yamesimama.

Sasa vyumba. Vijana huniuliza mbona vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kama ujia. Pima dari. Boriti ya mkoko haibebi vizuri zaidi ya mita tatu hivi, basi chumba kinafuata mti. Urefu utaongeza utakavyo, upana mwenye neno la mwisho ni boriti. Nilitaka kuvunja ukuta mmoja nipate sebule kubwa kama za kwenye televisheni. Mke wangu akaniuliza, "Na ule mzigo wa juu utaubeba wewe?" Ukuta uko mpaka leo. Boriti tatu zilizooza kwenye ncha, pale zilipoingia ukutani penye unyevu, tulizibadilisha. Mikoko haikatwi hivi hivi, ni misitu ya hifadhi, lazima kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Na kwa vibali vingine: Mji Mkongwe huu unaangaliwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo ongea na watu wa Mambo ya Kale kabla hujagusa sura ya nje, halmashauri kwa kibali cha ujenzi, na kama hati yako imeandikwa biashara, kuna kuomba kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Ni foleni. Beba maji ya kunywa.

Naona mkono. Sema, dada yangu.

Anauliza giza la godauni tulilitatuaje, maana ukuta wa nusu mita hautoboki ovyo. Swali zuri. Hatukutoboa upande wa mtaa hata tundu. Tulifungua milango miwili upande wa uani, juu yake tukaweka vizingiti vya mbao ngumu kabla ya kutoa jiwe la kwanza, na juu karibu na dari matundu madogo ya hewa. Mwanga wa uani unatosha kusomea. Watoto ndio waliochagua kulala huko. Ukuta mnene, mchana wa joto kali mle ndani kuna ubaridi kama wa mtungini. Choo na bafu tulivipeleka mwisho wa ua, mbali na kuta za zamani. Watu wanapenda choo cha ndani ya chumba, sawa, lakini mimi maji karibu na ukuta ule siyaleti tena.

Milango ya mbele je? Hilo lilituletea ugomvi wa nyumbani. Mimi nilitaka kuiziba nijenge ukuta wenye dirisha. Mke wangu alikataa. Tukaitengeneza ile ile, vipande vilivyoliwa na mchwa tukavirudishia, na ndani yake pale palipokuwa na kaunta pakawa sebule. Jioni tunafungua kipande kimoja, upepo unaingia. Tatizo ni kwamba mtaa bado haujakubali kuwa duka limefungwa. Juzi tumekaa tunakula, mtoto wa jirani kaingia moja kwa moja, kaweka sarafu juu ya meza: "Mama kasema sukari robo." Nikamwambia hapa siku hizi ni nyumbani kwa watu. Akanitazama, akautazama mlango, hakuondoka. Mke wangu akaenda jikoni akampimia.

Nitaishia hapo, adhana haiko mbali. Kile kipande changu cha lipu kimefika wapi? Naomba kirudi, maana niliazima kwa mwanangu, anakiweka kwenye kidaka pamoja na simbi zake.