Honda CB500X mpya: raiza, taa na chaji kabla hujaipeleka safari ndefu

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena gereji. Leo mnyama aliye mbele yenu ni Honda CB500X, ndo kwanza imetoka dukani, nailoni bado ziko kwenye siti, na mwenyewe anataka kwenda nayo Mbeya kutokea hapa Dar. Silinda mbili, injini ya ujazo wa cc 471, tanki lita 17 na ushee, tairi la mbele inchi 19. Kwa safari za huku kwetu mimi naipenda hii kuliko yale mapikipiki ya cc 1200, maana hii ikilala kwenye mchanga wawili mnaishika inasimama, na cheni yake na matairi hayakufilisi.

Mwenyewe kaja na listi: egzosti ya kelele, stika, taa za kuongeza, chaji ya simu, raiza za usukani, maboksi. Nikamwambia kaka, egzosti na stika weka pembeni kwanza. Pikipiki ya safari inaanza na wewe unavyokaa, inafuata umeme, halafu mzigo. Na kilometa 500 za mwanzo usiikamue, kitabu cha Honda chenyewe kinasema usipige gesi ya ghafla, afu ukifika kilometa 1000 ipeleke sevisi ya kwanza. Kwahiyo safari ya Mbeya isiwe ndo safari yake ya kwanza, izungushe kwanza Bagamoyo, Chalinze, irudi.

Tuanze na raiza. Hivi ni vipande viwili vya alumini vinakaa chini ya usukani, vinaunyanyua na kuurudisha kwako kidogo ili mgongo usiinamie tanki siku nzima. Tandika blanketi juu ya tanki, fungua bolti nne, nyanyua usukani, weka raiza, rudisha, bana kidogo kidogo kwa kupishanisha. Hapo nimekimbiza, aleni ki, ile spana ya pembe sita, kila mtu anaijua.

Ila hapa sasa naomba utulie. Ukishanyanyua usukani, waya wa gesi, waya wa klachi na mpira wa breki vyote vimevutwa juu. Ukiangalia kwa macho utaona viko poa. Usiamini macho. Simamisha pikipiki nje, gia iwe nyutro, washa injini, iache ingurume yenyewe bila kugusa gesi. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho. Sikiliza. Geuza kulia mpaka mwisho. Sikiliza. Umesikia hapo? Subiri kuna bajaji inapita... haya, tena. Kulia mpaka mwisho... umesikia raundi zimepanda zenyewe? Hiyo ndo shida yenyewe, waya wa gesi umekazwa. Sasa fikiria uko Kitonga, ule mlima wa kona kona kabla ya Iringa, unapanda ile kona kali nyuma ya lori, umekata usukani wote, na pikipiki inajiongezea gesi. Haifai kabisa. Kwahiyo nautoa waya kwenye kile kishikizo cha pale kichwani, naupitisha mbele yake badala ya nyuma, napima tena. Kushoto, kimya. Kulia, kimya. Sawa. Na kama raiza ulizonunua ni ndefu mpaka waya haufiki hata ukiupitisha vizuri, weka fupi zaidi, usilazimishe.

Umeme sasa, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Toa siti, betri hii hapa. Negativu ndo inatoka kwanza, kila siku, kila pikipiki. Ukianza na positivu, spana ikigusa fremu unapata cheche la kukutoa machozi na unaweza kuunguza kitu cha bei mbaya. Negativu kwanza kutoka, na wakati wa kurudisha, negativu ya mwisho.

Ngoja nisogeze kamera, hii kitu ni ndogo... inaona? Bado ukungu. Haya sasa inaona. Kile kichwa cha betri kina tundu, na ndani yake kuna kinati cha mraba. Hakijashikwa na chochote. Ukitoa bolti tu kile kinati kinashuka chini, na ukifika wakati wa kufunga bolti inazunguka haikamati kitu, unaanza kuchokonoa na bisibisi, kinaruka, kinaenda kupotelea chini ya betri. Dawa yake: kata kipande cha sponji au mpira laini, kisukume chini ya nati ili kiinue nati ibane juu. Hivi. Umeona imesimama? Fanya hivyo pande zote mbili kabla hujashika waya wowote mpya. Narudia kwa sababu kila mtu analirukia hili: sponji kwanza, bolti baadaye. Nati ya mraba. Sponji chini yake.

Sasa waya mwekundu unaotoka positivu. Fyuzi ikae karibu na betri, kiganja kimoja tu usizidi. Naona watu wanaweka fyuzi kule mbele kwenye taa, sasa waya ukichunika katikati chini ya tanki, fyuzi yako haijui lolote, waya unawaka kuanzia betri mpaka pale ulipochunika, na juu yake kuna petroli. Fyuzi inalinda waya, kwahiyo ikae pale waya unapoanzia.

Ukubwa wa fyuzi usibuni. Taa hizi ni LED mbili, wati 20 kila moja, jumla 40. Gawa kwa volti 12 unapata ampea 3 na kidogo, naweka fyuzi ya 5. Waya wa milimita 1.5 unatosha kabisa. Chaji ya simu naipa fyuzi yake peke yake, ili taa zikileta matatizo usiku ramani isizime na wewe uko katikati ya Mikumi, barabara inapita ndani ya hifadhi kama kilometa 50 na tembo hawajui kama una haraka.

Rilei, yaani swichi inayotumia moto mdogo kuwasha moto mkubwa wa umeme. Ina miguu minne yenye namba, zisome, ziko chini ya rilei zimeandikwa ndogo. 30 inapokea moto kutoka betri kupitia fyuzi. 87 inapeleka kwenye taa. 85 eathi, yaani inarudi negativu. 86 inapokea amri, yaani moto mdogo unaokuja pale tu ufunguo ukiwashwa. Mimi amri naichukua kwenye waya wa taa ya namba ya nyuma, uko karibu na siti, na unazima ukitoa ufunguo, kwahiyo huwezi kusahau taa zikanyonya betri usiku kucha gesti. Swichi ya kwenye usukani inakata huu moto mdogo wa 86, ule mkubwa haupiti mkononi kabisa.

Na unapounga huo waya wa nyuma, tafadhali, usitumie vile vibanio vya plastiki vya bluu vinavyong'ata waya. Hebu angalia hiki, nimekitoa kwenye pikipiki nyingine. Nafungua... unaona nyuzi za shaba? Nusu zimekatika, zilizobaki zimeota kijani. Ni maji ya mvua hayo yameingia. Chuna waya sentimita moja, sokota, bana na kiungio cha shaba kwa plasi yake, vika mpira wa kusinyaa, pitisha kiberiti kwa mbali. Lehemu siitaki sana kwenye pikipiki, mtikisiko unakata waya pale pale lehemu inapoishia.

Waya wa kwenda mbele upitie kushoto, chini ya tanki, ufuate ule mkonga wa waya wa Honda wenyewe, mbali na injini. Tai za plastiki za kufungia waya usizikaze mpaka ziume. Na ukifika pale kichwani usukani unapogeukia, acha waya ulegee kidogo. Rudi kwenye lile zoezi, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, safari hii unaangalia waya mpya haubanwi wala haunyooki. Ndiyo, tena. Kila ukigusa kitu maeneo ya usukani, zoezi hilo linarudiwa.

Mwenyewe ameuliza gripu za moto, zile mpini za usukani zinazopasha vidole. Bosi weka. Watu wa Dar wanacheka, ila pita Makambako alfajiri na ule upepo wake ndo utajua vidole ni mali. Zinakula umeme kama hizi taa, nazo zipewe fyuzi yake.

Oya, jua limehama, naona sura yangu imekuwa nyeusi tii. Tumalizie.

Taa usizielekeze sasa hivi pikipiki ikiwa tupu. Funga maboksi, weka mzigo kama wa safari kweli, vizito chini kwenye maboksi ya pembeni, karibu na wewe: spana, pampu, maji. Boksi la juu liwe la koti la mvua na mkate, maana kilo nyingi kule nyuma juu zinafanya usukani uwe mwepesi na unatetemeka ukipishana na basi. Afu kaza springi ya shoki ya nyuma hatua moja moja mpaka mkia usikae chini. Sasa ndo kaa juu, mwenzio asimame ukutani na chaki aweke alama mwanga unapopiga, washa taa zote. Mzigo unainua pua, kwahiyo taa uliyoielekeza pikipiki ikiwa tupu ingempiga dereva wa lori machoni. Teremsha mpaka mwanga wake uwe chini ya ule wa taa kubwa, ya kushoto igeuze kidogo kuelekea ukingo wa barabara, huko ndo watembea kwa miguu na baiskeli zisizo na taa zinakotokea.

Angalia hapo... bado juu. Shusha. Hapo hapo, kaza.

Cheni msiisahau, mzigo ukibadilika na ulegevu wake unabadilika, namba ziko kwenye kitabu, nitaifanyia video yake. Seti ya rilei, fyuzi na waya uliokatwa tayari kwa CB500X ninazo, nachomeka mwenyewe na kila moja naijaribu kabla haijatoka hapa, mikoani natuma kwa basi. Niandikie hapo chini pikipiki yako ni ya mwaka gani.