Huo mti haujafa, unajaza maji

Jamani tuanze. Nimekuja na kitawi hiki, kipitisheni huko nyuma, kila mtu akishike halafu akikwaruze kidogo kwa ukucha, kidogo tu, msikimalize. Nimekikata asubuhi hii kwenye mti ambao hauna jani hata moja. Chini ya ganda la kahawia mtaona kijani kibichi, na ukigusa pana unyevu. Wale mlionisikia mwaka jana mnajua ninakoelekea, na nitarudia tena na tena kwa sababu miti bado inakatwa kiangazi kwa kisingizio kwamba imekufa.

Mahali nilipofanya kazi zamani palikuwa na mti mkubwa uani. Kiangazi kilipokolea ukapukutisha majani yote, ukabaki matawi matupu, mwenye mamlaka akatazama akasema huu umekufa, utaangukia paa, ukatwe. Mimi nilikuwa safarini siku mbili tu. Narudi nakuta kisiki. Nikapiga magoti nikaweka kiganja juu yake, kiganja kikalowa. Ile sehemu ya nje nyeupe, upana wa vidole vinne hivi kuzunguka kisiki chote, ilikuwa mbichi kama nguo iliyotoka kukamuliwa, katikati ndo pakavu na peusi. Nikaenda kwenye matawi yaliyolala chini, kila ncha ina kichipukizi kimevimba, vingine vimeshapasuka na ncha nyekundu ya jani inachungulia. Na mvua bado! Hakuna hata wingu. Mti ule ulikuwa unajiandaa kuvaa majani mapya kwenye ardhi kavu, na sisi tukauita mfu.

Sasa maji yale yametoka wapi? Hapo ndo napenda watu wakae kidogo, maana karibu kila mtu ninayemuuliza ananiambia mizizi inasukuma maji kwenda juu, kama pampu. Toeni hiyo pampu kichwani, nawaomba sana. Hakuna pampu. Mirija inayopandisha maji kwenye mti imekufa, haina kitu ndani, ni kuta tupu. Na Mjerumani mmoja, Eduard Strasburger, alilithibitisha mwishoni mwa karne ya 19 kwa njia ya kikatili kidogo: alichukua miti, mingine inazidi mita 20, akaikata shinani akaisimamisha kwenye sumu. Sumu ikapanda ndani ya shina ikiua kila seli hai iliyokutana nayo, halafu maji yakaendelea kupanda vilevile mpaka majani yenyewe yalipokufa. Yani shina zima limeuawa na maji bado yanapanda, hiyo ni pampu gani?

Kuna atakayesema, mbona mti ukikatwa wakati mwingine kisiki kinatoa maji chenyewe? Ni kweli, mizizi ina presha yake, mtafiti Mwingereza Stephen Hales alishaipima kwenye mzabibu na kuandika mwaka 1727. Ila presha hiyo ni ndogo, na mchana wa jua kali, wakati mti unahitaji maji kuliko saa zote, ndo haipo kabisa. Mwingine atasema basi ni ule wembamba wa mrija, maji yanajipandisha yenyewe kama mafuta kwenye utambi. Mrija wa ukubwa wa kawaida wa mti unaweza kuyapandisha hivyo kama nusu mita. Nusu mita! Na mti mrefu kuliko yote unaojulikana, ule redwood wa California unaoitwa Hyperion, unapita mita 115.

Yanayofanya kazi ni majani. Jua linakausha kuta nyevu ndani ya jani, mvuke unatoka kwenye vitundu vya jani, na kila chembe ya maji inayotoka inaivuta iliyo nyuma yake kwa sababu maji yanashikana, yanashikana kwelikweli, mpaka ukifika kwenye udongo una uzi mmoja wa maji uliokazwa kutoka jani la juu hadi ncha ya mzizi. Wanasayansi wawili, Dixon na Joly wa Dublin, walilisema hilo mwaka 1894 na wengi hawakuwaamini. Mafundi walishajua tangu zamani kwamba pampu ya kuvuta haiwezi kutoa maji kwenye kisima chenye kina cha zaidi ya mita 10, sasa mti utawezaje mita 100? Jibu ni kwamba pampu ile haivuti chochote, ni hewa ya nje inayoyasukuma maji kutoka chini, na nguvu ya hewa inaishia hapo kwenye mita 10. Mti wenyewe unavuta kweli, kama kamba.

Uthibitisho mzuri ulikuja mwaka 1965, na hiki kisa nakipenda. Mwanasayansi Scholander na wenzake walikuwa wanaweka kitawi kwenye chungu cha chuma kilichofungwa, ile sehemu iliyokatwa ikiwa imechungulia nje, halafu wanaongeza presha ya gesi ndani mpaka tone la maji linarudi kwenye mkato. Presha iliyotumika kuyarudisha ndo ukali wa mvuto uliokuwemo. Shida ni vitawi vya kileleni kwenye miti mirefu mno, nani apande? Wakavipiga risasi vikaanguka. Bunduki ya darubini, mlengaji mzuri, kitawi kinadondoka, wanakikimbilia na kukipima. Na kwenye mikoko, ambayo lazima ivute maji matamu kutoka kwenye maji ya chumvi, walikuta mvuto wa zaidi ya atmosfia 30, yani mara 30 ya presha ya hewa ya kawaida. Tairi la gari ndogo lina kama 2 tu juu ya hewa ya kawaida, fikirieni wenyewe.

Sasa uzi ukikazwa hivyo, adui yake ni nani? Kiputo cha hewa. Kikiingia kimoja kwenye mrija, uzi unakatika, mrija unajaa hewa, hauna kazi tena. Na kukatika huko kunatoa sauti, tangu miaka ya 1960 watafiti wameurekodi mlio huo kwenye mbarika uliokuwa ukikauka, tik, tik, tik, kila mlio ni uzi wa maji umekatika. Kwa hiyo mti wowote, popote ulipo, una swali moja unalojibu kila majira: nitengeneze mirija mipana au myembamba? Mipana inapitisha sana, ukiongeza upana mara mbili maji yanayopita kwa mvuto uleule yanaongezeka mara 16. Lakini kwa kawaida mipana ndo inayokatika kirahisi zaidi, hasa kwenye baridi ya barafu, na mrija mmoja mpana ukifa umepoteza njia kubwa.

Na hapa ndo mbao zinapoingia, kwa sababu mbao ni majibu ya swali hilo yaliyowekwa moja juu ya jingine. Kati ya ganda na mti wenyewe kuna tabaka jembamba mno linaitwa kambiamu. Upande wa ndani linazaa zailemu, ndo mirija ya maji, upande wa nje linazaa floemu inayosafirisha sukari. Seli inazaliwa ndogo, inavimba kwa maji yaliyomo ndani yake yenyewe, halafu ukuta unanenepa kwa selulosi na lignini, vitu vinavyoupa mti ugumu, halafu inakufa, na kufa huko kumepangwa, inajimeng'enya tumbo lote libaki tundu. Sasa angalieni: kuvimba kunataka maji. Mvua zipo, seli inavimba vizuri, mrija mpana. Kiangazi kinakaribia, mti mzima umekazwa kwa mvuto, seli haipati maji ya kujivimbisha, inabaki ndogo yenye ukuta mnene. Halafu kambiamu inaacha kabisa. Mvua ijayo inaanza upya kwa mirija mipana, na ule mstari kati ya seli za ukuta mnene na mirija mipana ndo pete mnayoiona kwenye kisiki. Mtiki unaonyesha vizuri sana. Ila kwenye sehemu zisizo na kiangazi wala baridi kuna miti mingi haina pete za kueleweka, kwa hiyo msimhesabie kila mti umri kwa macho.

Kule kwenye barafu mwaloni umechagua upande wa hatari. Kila mwaka baridi inapoisha unatengeneza mirija mipana mipya ambayo unaweza kuiona kwa macho, kama vitobo vya sindano, kabla majani hayajakomaa, maana ile ya mwaka jana karibu yote imeshajaa hewa kwenye baridi. Maji yakiganda hewa iliyoyeyuka ndani yanaitema, barafu ikiyeyuka viputo vimebaki. Miti ya jamii ya msonobari imechagua upande wa pili, vijirija vya milimita chache tu kwa urefu, vimeunganishwa kwa vitundu vyenye kifuniko kinachojibana hewa ikiingia upande mmoja. Inakwenda polepole, lakini inapita baridi salama.

Nirudi kwenye mti wangu wa uani. Mti wa kiangazi ukipukutisha majani umezima kile kinachovuta. Hakuna jani, hakuna mvuto mkali, ule uzi unalegea. Mizizi mirefu bado imegusa unyevu huko chini, maji yanaingia taratibu, hayana pa kutokea, yanajaza shina. Ukifunga kipimo cha kipenyo kwenye shina utaliona linanenepa kwa sehemu za milimita, ilhali mti ulipokuwa na majani lilikuwa linasinyaa kila mchana. Shina likishajaa vichipukizi vinavimba, na ndo maana miombo inavaa majani mekundu wiki kadhaa kabla ya mvua. Mbuyu nao unachota akiba ya shinani kutoa majani mapya kabla mvua haijaja. Kipindi kile kinachoonekana cha kifo ndo mti unafanya kazi ya kujaza. Mkiniuliza nina hasira ya nini, ni hiyo. Tunaukata siku chache kabla haujatuonyesha.

Naona naonyeshwa saa, haya. Nilitaka kuzungumzia ganda na sitawahi, kwa kifupi: ukibandua ganda kuzunguka shina lote maji bado yatapanda, majani yatakaa kijani kwa muda na utadhani hamna neno, lakini sukari haishuki, mizizi inakufa njaa polepole. Waya wa kufungia kamba za nguo unafanya jambo hilohilo ukiachwa miaka. Na misumari: haipandi juu mti unaporefuka, itabaki kimo kilekile ulipoipigilia, mbao inaongezeka kwa nje tu na itaimeza.

Kabla hamjaita mwenye msumeno, kwaruzeni matawi matatu manne, na ya juu pia, maana tawi moja kavu si mti mkavu. Kijani kikiwepo, subirini.

Na kitawi changu kirudi mbele tafadhali. Nani anacho? Usikitumbukize kwenye glasi hivyohivyo, nilipokikata hewa imeingia kwenye mirija yake. Shika mkato uwe chini ya maji, kata tena vidole viwili juu yake hukohuko majini, halafu kiache. Wiki ijayo njooni mkione.