Ngazi, harufu na geti: jinsi filamu inavyoonyesha matabaka

Habari za jioni. Leo nitakaa sana kwenye filamu moja, Parasite ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini. Ilitoka 2019, ikabeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na mwaka uliofuata ikazoa Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora. Ambaye bado hajaiona azibe masikio, maana siwezi kuichambua bila kugusa mwisho wake.

Ukitaja ishara kwenye filamu, wengi hufikiria ndege ndani ya tundu, kioo kinachopasuka, au kiatu kilichotoboka kinachoonyeshwa kwa karibu huku kinanda kikilia. Hivyo ni vitendawili. Mtazamaji akishategua, kazi yake imekwisha. Ishara inayodumu huwa kwanza ni kitu chenye kazi kwenye hadithi, kiasi kwamba ukikiondoa hadithi inakwama.

Chukua ngazi. Familia ya Kim inaishi kwenye chumba kilichozama nusu ardhini, banjiha kwa Kikorea. Hakikubuniwa na mwandishi: Seoul inavyo vingi, vingine vilianza kama mahandaki ya kujikinga na vita, kisha vikapangishwa. Angalia choo chao. Kimewekwa juu ya kijukwaa, karibu na dari, kwa sababu bomba la majitaka la mtaa liko juu kuliko sakafu yao. Mtu anapanda ngazi kwenda haja! Hakuna aliyetueleza kwamba hawa ni maskini. Fundi bomba ndiye aliyeeleza.

Sasa usiku wa mvua. Baba, kijana na binti wa Kim wanatoroka nyumba ya tajiri Park kule mlimani, wanakofanya kazi bila kujulikana kuwa ni familia moja, na kwa dakika kadhaa hawafanyi lingine ila kuteremka: barabara ya mteremko, njia ya chini kwa chini, ngazi, ngazi tena. Maji yanateremka pamoja nao. Wanafika na kukuta nyumba imefurika na choo kinatapika. Mtaa huo ulijengwa ndani ya tangi ili uweze kuzamishwa kweli, ndiyo maana waigizaji wanatembea kama watu wanaosukumwa na maji. Asubuhi Kim wameamka kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo pamoja na wahanga wengine. Bi. Park, mke wa tajiri, anachagua nguo, kisha yumo garini, anaisifu ile mvua kwenye simu kwamba imesafisha hewa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini Bong hakuitamka methali. Aliunganisha picha mbili tu.

Ila mimi naona somo kubwa zaidi liko kwenye harufu, kwa sababu sinema haina harufu. Unaionyeshaje? Hesabuni nami. Mara ya kwanza mtoto wa tajiri anawanusa wafanyakazi na kusema wote wananukia namna moja, tunacheka. Mara ya pili familia iko nyumbani, baba anapendekeza kila mtu awe na sabuni yake, na binti anamjibu kwamba hiyo ni harufu ya chumba chenyewe, haitoki mpaka wahame. Mara ya tatu wamejificha chini ya meza, na Bwana Park, asiyejua wapo, anaisimulia kwa mkewe. Baba ananusa shati lake. Mara ya nne Bi. Park anafungua dirisha la gari. Mara ya tano Bwana Park anaziba pua mbele ya mtu anayekufa, na baba anashika kisu.

Hakuna mara mbili zinazolingana. Kila harufu inaporudi, bei imepanda: kicheko, wasiwasi, aibu, fedheha, damu. Wanaoanza kuandika hukosea hapa. Wanapata ishara nzuri, kisha wanairudia mara nne kwa uzito ule ule, na ya tatu mtazamaji ameshachoka.

Kuna lile jiwe pia. Kijana analipokea kama zawadi na mwenyewe anasema lina maana iliyofichika. Huyo ni mwongozaji anatutania. Ishara pekee inayojitangaza ndiyo inayoelea juu ya maji ya mafuriko, jambo ambalo jiwe la kweli halifanyi.

Na msidhani haya yanahitaji seti ya mamilioni. Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, alitengeneza Borom Sarret mwaka 1963 kule Dakar, filamu ya dakika 20 hivi. Mwendesha mkokoteni anaingia mtaa wa matajiri ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Medali yake inaanguka, askari anaikanyaga, na mkokoteni unachukuliwa. Kiatu kimoja tu, lakini kilikuwa cha askari aliye kazini, hakikuwa pambo.

Kwa bajeti zetu ningewashauri geti. Kila mtaa wa kitajiri unalo, halikodishwi ghali, na lina sheria ambayo watazamaji wetu wameshaijua: mwenye gari anapiga honi, mwenda kwa miguu anagonga. Lipige picha mara tatu. Ya kwanza honi inalia na geti linafunguka lote, dada wa kazi akipita pembeni na mfuko wa mboga. Ya pili dada anagonga, kinafunguka kile kilango kidogo tu, anainama kuingia. Weka kamera pale pale, urefu ule ule, lenzi ile ile, la sivyo mtazamaji hatalinganisha. Msibadilishe rangi kwenye uhariri, kahawia kwa walalahoi na buluu kwa wenye nazo. Hiyo inamwambia jibu kabla hajaona swali. Ya tatu muipange nyinyi kulingana na hadithi, ila iwe ghali kuliko mbili za mwanzo. Dada anagonga, na mlinzi, ambaye jana walikula wote, anamwuliza anamtafuta nani.